Al Bowlly wa Lourenço Marques: kruna wa enzi za redio, kazi yake 1927–1941 na namna ya kuzitambua santuri zake

Kinanda78 (mwanzisha uzi)

Wakuu, wengi humu mnaijua sauti ya huyu kruna (mwimbaji wa sauti ya upole, wa kipaza sauti) bila kumjua jina. Ndiyo ile inayosikika mwishoni mwa filamu ya *The Shining* ya 1980, kamera inapoisogelea picha ya ukutani. Picha imeandikwa 1921, wimbo umerekodiwa London 1934. Tuyaache hayo.

Albert Allick Bowlly alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Baba Mgiriki, mama Mlebanoni. Alikulia Johannesburg, akawa kinyozi, na pembeni anapiga gitaa, banjo na ukulele. Katikati ya miaka ya 1920 bendi ya Edgar Adeler ikamchukua kwenye ziara ya Afrika Kusini, Rhodesia, India na visiwa vya Indonesia, enzi hizo chini ya Mholanzi. Alipofika Surabaya akafukuzwa. Akajishikiza kwa Jimmy Lequime, Calcutta na Singapore. 1927 yuko Berlin anarekodi, na 1928 anatua London kwenye bendi ya Fred Elizalde, hoteli ya Savoy.

Zingatieni kwamba hadi hapo ni mpiga nyuzi anayeimba, bado si mwimbaji anayetegemewa kwa sauti peke yake. Elizalde, mzaliwa wa Manila, alipiga jazi ya kusikiliza mbele ya wateja waliotaka ya kuchezea, na 1929 Savoy ikaachana naye. Uchumi wa dunia ukaanguka mwaka huohuo. Bowlly akaishia kuimba mitaani London apate ya kula.

Kilichomtoa ni mikataba miwili. Novemba 1930 alifunga mkataba wa kurekodi na Ray Noble, aliyesimamia muziki mwepesi kampuni ya santuri ya HMV. Mei 1931 akaingia bendi ya Roy Fox iliyofungua mgahawa wa Monseigneur, Piccadilly. Mchana studio, usiku jukwaani. Ndani ya miaka minne alirekodi nyimbo zaidi ya 500.

Sasa hoja ya uzi huu. Kazi ya Bowlly huwezi kuijua kwa kusoma majina kwenye karatasi za santuri, maana kwa sehemu kubwa jina lake halimo. Inabidi ujue santuri inasomwaje. Wenye nondo za mitambo karibuni.

---

FundiMitambo

Mkuu Kinanda78, nianzie kwenye kipaza sauti, kwa sababu bila hicho hakuna kruna yeyote. Si Bowlly, si Gene Austin, si Rudy Vallée, si Bing Crosby.

Kabla ya 1925 kurekodi kulifanywa kwa pembe. Mwimbaji aliingiza uso kwenye pembe la bati, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyosukuma sindano ikachonga nta. Hakuna umeme wa kukuza chochote. Masafa yaliyopenya yalikuwa takriban herzi 250 hadi 2,500 tu. Kwa hiyo aliyeimba kwa upole hakusikika, na waliofanikiwa walikuwa watu wa opera na wapaza sauti wa majukwaani.

1925 ukaja mfumo wa umeme wa kampuni ya Kimarekani ya Western Electric, na mipaka ikapanuka hadi karibu herzi 100 kwa chini na 5,000 kwa juu. Herufi kama *s* na *f* zikaanza kusikika, na pumzi pia. Mwimbaji akaweza kusimama hatua moja toka kwenye kipaza sauti na kuimba kwa sauti ya kuongea na mtu aliye jirani, huku matarumbeta yamewekwa nyuma kabisa ya chumba. Uwiano ulipangwa kwa kuwasogeza watu, maana hapakuwa na kuchanganya baadaye. Mpiga tarumbeta akisogea mbele kidogo amemfunika mwimbaji, na hiyo sahani imeharibika.

Kwenye kumbi mambo yalichelewa. Mwanzoni Bowlly aliimba kwa megafoni kama Vallée. Megafoni inasukuma sauti ya kati tu, inaua besi na inaua herufi kali, ndiyo maana kila aliyeitumia alisikika kama anaongelea puani. Isitoshe inaficha uso. Kipaza sauti kilipoingia Monseigneur ndipo wateja walisikia ukumbini kile walichokuwa wakisikia kwenye santuri.

Nta yenyewe: sahani nene ya nta ilipashwa joto kidogo ili ilainike, ikachongwa moja kwa moja wakati bendi inapiga. Ukitaka kuisikiliza palepale umeiharibu, kwa sababu sindano inafuta mfereji. Ndiyo maana walipiga mara mbili au tatu, kila mara kwenye nta mpya, halafu wakachagua baada ya sampuli kurudi kutoka kiwandani. Kukosea neno moja sekunde ya 170 ni kuanza upya wote, bendi nzima.

---

Mpenda_Foksi

Swali la haraka. Kwenye lebo ya HMV naona "Ray Noble and his Orchestra" halafu chini kidogo "with vocal refrain". Huyo mwimbaji hana jina?

---

Kinanda78

Ndiyo hali ilivyokuwa. Kilichouzwa ni wimbo na bendi ya kuchezea. Mwimbaji alihesabiwa kama chombo kimoja cha bendi, sawa na saksafoni, akalipwa kwa kazi iliyofanyika na mrabaha hauji.

Tazama mpangilio wenyewe. Sahani ya inchi 10 inabeba dakika tatu na kitu. Bendi inafungua, inapiga wimbo mzima mara moja bila maneno, ndipo mwimbaji anaingia, anaimba kiitikio kimoja cha hatua 32, kisha anakaa na bendi inamaliza. Piga hesabu: hatua 32 za mapigo manne ni mapigo 128. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 64. Jina lote la Bowlly limejengwa ndani ya hizo sekunde 64, wimbo baada ya wimbo.

Sikiliza anavyozitumia kwenye *The Very Thought of You* ya 1934, utunzi wa Noble mwenyewe. Haanzi juu ya pigo la kwanza kama mwanakwaya. Anachelewa kidogo, anaiacha bendi itangulie, halafu anaikuta mwishoni mwa mstari. Silabi ya mwisho haivuti, anaikata mapema na kuiachia vinanda. Waliomwiga walivuta, na ndipo walipoharibu.

---

Bahari_Shwari

Na majina ya uongo msiyasahau. Kabla ya kufunga mkataba na Noble alirekodi kila mahali: Edison Bell Radio (zile sahani ndogo za inchi 8), Columbia na wengine wa bei poa. Bendi ileile ilitoka kwa majina tofauti kila lebo. 1930 alirekodi hata kwa Kiafrikana kwa ajili ya soko la Afrika Kusini. Kwa hiyo anayekusanya "Bowlly yote" akitegemea majina kwenye karatasi atapishana na nyingi sana.

---

FundiMitambo

Ndiyo maana mtu anasoma namba, si karatasi. Shika sahani ya HMV chini ya taa ya pembeni (taa ya juu inakupofusha), angalia pale mfereji wa muziki unapoishia, kwenye sehemu laini karibu na lebo.

Kwanza kuna namba ya nta. HMV ya inchi 10 baada ya 1931 inaanza na herufi OB, ya inchi 12 inaanza na 2B. Kabla ya hapo inchi 10 ni Bb. Baada ya namba kuna kistari na tarakimu, hiyo ni mara ya ngapi walipiga. Sahani mbili zenye namba moja ya katalogi lakini tarakimu tofauti hapo mwisho ni maimbo mawili tofauti, na kwa Bowlly tofauti inasikika, kwa sababu hakurudia mstari kwa namna ileile.

Pili kuna alama. Pembetatu ni mfumo wa Western Electric. Mraba ni mfumo wa EMI (kampuni mama ya HMV na Columbia toka 1931) wenyewe, uliobuniwa na Alan Blumlein ili kampuni iache kuwalipa Wamarekani ada kwa kila sahani. Columbia wao waliweka W ndani ya duara, baadaye C ndani ya duara. Kwa hiyo bila tarehe yoyote unajua sahani ni ya kabla au ya baada ya mageuzi ya 1931.

Masikio nayo yanathibitisha. Sahani za mraba zina besi iliyotulia na chumba kinasikika. HMV walifungua studio za Abbey Road Novemba 1931, na Noble ni kati ya waliojua kutumia hewa ya chumba kama sehemu ya muziki.

Karatasi ya lebo inaweza kubadilishwa na toleo la baadaye, na wauzaji wengine hawajui au wanajifanya hawajui. Namba iliyochongwa haibadiliki.

---

Mwanamvua_T

Kaka zangu, mmezama kwenye santuri, redio imesahauliwa na uzi unasema enzi za redio.

BBC ilikuwa ikirusha bendi za mahotelini toka 1923, Savoy ikiwa ya mwanzo. Mnamo miaka ya 1930 utaratibu ulikuwa bendi za dansi saa 4:30 usiku hadi saa 6, kila usiku na bendi yake. Jumanne ilikuwa zamu ya Monseigneur. Roy Fox aliugua mwishoni mwa 1931 akaenda Uswisi kujitibu, Lew Stone akashika usukani, na Oktoba 1932 mgahawa ukambakisha Stone na karibu wanamuziki wote. Hao ndio akina Nat Gonella kwenye tarumbeta, Lew Davis tromboni, Tiny Winters besi, Bill Harty dramu. Kwa maoni yangu hii ndiyo bendi bora aliyowahi kuimba nayo jukwaani. Ya Noble ilikuwa ya studio tu, wanamuziki wa kukodi, haikuwa na ukumbi.

Redio ndiyo iliyomfanya ajulikane kwa jina, wakati santuri ilimficha. Mtangazaji akimtaja, barua zinakuja, na wenye kumbi za maonyesho wanaanza kumtaka yeye badala ya bendi.

Ugomvi wa BBC ulikuwa juu ya wachapishaji wa nyimbo waliowalipa viongozi wa bendi ili wimbo wao upigwe hewani. Redio ya umma isiyo na matangazo ikajikuta inatangaza biashara za watu bure, na wasimamizi wakahangaika miaka mingi kuziba njia hiyo.

Uadui kwa makruna wenyewe nao ulikuwepo. Januari 1932 Kadinali O'Connell wa Boston aliwashambulia hadharani, akiona kuimba kwa namna hiyo si uanaume. Na 1942 BBC ikaunda kamati ya muziki wa dansi iliyopiga marufuku uimbaji wa kulegea na wa kudeka, kwa hoja kwamba unavunja moyo wakati wa vita. Bowlly alikuwa keshafariki mwaka mmoja kabla.

---

Mpenda_Foksi

Dada Mwanamvua, hiyo saa 4:30 usiku ni ya London. Huku pwani ilikuwa imevuka usiku wa manane, na mawimbi mafupi ya BBC kwa makoloni yalianza Desemba 1932 tu. Kwa hiyo huku Bowlly aliyefika ni wa santuri.

---

Binti_wa_Unguja

Hapo kuna jambo la kulinganisha. HMV hiyohiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad Bombay 1928, mwaka ambao Bowlly anaingia London. Na Siti santuri zake ziliuzwa kwa jina lake, ndilo lililovuta wanunuzi kuanzia Unguja hadi mwambao wote. Hakuna mtu angenunua "taarabu na mwimbaji". Ni kampuni moja yenye mbwa mmoja kwenye lebo, lakini London mwimbaji ni chombo cha bendi, huku kwetu mwimbaji ndiye bidhaa. Siti hakuimba kwa kunong'ona, lakini naye alirekodiwa kwa umeme, ndiyo maana udi na fidla vinasikika bila kufunikwa.

---

Kinanda78

Dada umenena. Kule nako mambo yalianza kugeuka. Kufikia 1933 na 1934 kuna sahani chache za Bowlly kwa jina lake.

Twende Marekani. Santuri za Noble zilitolewa kule na kampuni ya Victor zikauza vizuri, akaitwa. Tatizo ni chama cha wanamuziki cha Marekani, ambacho hakikuruhusu bendi ya kigeni ije kuchukua kazi za wanachama. Septemba 1934 Noble akaondoka na watu wawili tu, Bowlly na Bill Harty. Bendi nyingine ikabidi iundwe New York kwa Wamarekani.

---

Trombonisti

Na aliyeiunda ni Glenn Miller, kabla hajawa Glenn Miller mnayemjua. Aliajiri watu, akapiga tromboni, akaandika mipangilio kadhaa. Ndani yake walikuwa Claude Thornhill piano, Charlie Spivak na Pee Wee Erwin tarumbeta, Will Bradley tromboni, Bud Freeman saksafoni. Karibu kila mmoja baadaye alikuwa na jina lake. 1935 wakawa bendi ya Rainbow Room, ghorofa ya 65 ya jengo la Rockefeller.

Sasa sikiliza sahani za Victor za 1935 na 1936 kisha rudi kwenye za HMV za 1934. Kwa upigaji, Wamarekani wanawashinda. Kwa kumbeba mwimbaji, hapana. Mapigo yanasukuma mbele, saksafoni zinajaa palepale Bowlly anapotaka nafasi ya kuchelewa. Watu husema Marekani ilimshinda kwa sababu ya Crosby. Crosby yupo, ndiyo, lakini mpangilio wa bendi nao ulimnyima ile hewa.

---

Mtoto_wa_Reli

Kwa nini alirudi basi, kama kule kulikuwa na pesa?

---

Kinanda78

Bendi ya Noble New York ililegea. Wanamuziki wakubwa wakaondoka mmojammoja. Januari 1937 Bowlly akarudi Uingereza na kuunda bendi yake, Radio City Rhythm Makers, pamoja na kaka yake Mish. Haikufika mbali. London aliyoiacha 1934 haikuwa imemsubiri. Monseigneur ilishafungwa, na vijana wengine walishashika nafasi.

Kubwa zaidi lilikuwa koo. Alikuwa na kinyama kwenye koo, sauti ikaanza kukwaruza, na katikati ya 1937 bendi ikavunjika. Mwishoni mwa mwaka huo alikwenda New York kufanyiwa upasuaji.

Kwa kruna, kinyama ni balaa kuliko kwa mwimbaji wa opera, na sababu ni ya kimwili. Sauti ya chini inahitaji kamba za koo zikutane taratibu kwa pumzi ndogo. Kukiwa na uvimbe hata mdogo hazifungi sawasawa, pumzi inavuja. Anayeimba kwa nguvu anaweza kulazimisha zifunge kwa muda. Anayeimba kwa upole hana nguvu hiyo ya kulazimisha, sauti inakatika au inatoka hewa tupu, na kipaza sauti kinanasa kila kitu.

Upasuaji ulifaulu. Ukisikiliza za 1938 hadi 1940 alizofanya na Lew Stone, Geraldo, Maurice Winnick na wengine, sauti ipo, nzito kidogo kuliko ya 1934, na anakwepa kuning'inia juu kwa muda mrefu. Wapo wanaoipenda hii zaidi. Mimi ya 1933 na 1934 siibadilishi.

---

Mwalimu_Kipanga

Nirekebishe jambo linalosambaa sana kwenye mitandao: kwamba Bowlly aliuawa na bomu akiwa jukwaani Café de Paris. Siyo. Aliyekufa pale, tarehe 8 Machi 1941, ni Ken "Snakehips" Johnson, kiongozi wa bendi mzaliwa wa Guyana ya Waingereza, bomu lilipopenya ukumbini bendi yake ikipiga. Bowlly alirekodi na bendi hiyo 1940, ndipo watu wanapochanganya.

Cha Bowlly kilitokea wiki tano na kitu baadaye. Tarehe 16 Aprili yeye na Jimmy Mesene, waliokuwa wakizunguka kama wawili wenye magitaa, walipiga Rex Cinema, High Wycombe. Angeweza kulala hukohuko, akapanda treni ya mwisho kurudi London. Alfajiri ya tarehe 17 bomu la mwavuli lililipuka nje ya nyumba aliyopanga, Duke's Court, mtaa wa Duke, St James's. Mabomu haya hayakuchimba chini kwanza. Yalishuka na mwavuli na kulipuka juu ya ardhi, kwa hiyo wimbi la hewa lilikwenda pembeni na kung'oa milango na madirisha mtaa mzima. Mlango wa chumba chake uling'oka kwenye bawaba ukampiga kichwani. Mwili haukuwa na jeraha la kuonekana.

Alizikwa Hanwell, kaburi la pamoja na wengine waliouawa na mabomu. Santuri yake ya mwisho, na Mesene, ilirekodiwa tarehe 2 Aprili 1941, na upande mmoja ni wimbo wa Irving Berlin wa kumkejeli Hitler. 2013 English Heritage waliweka kibao cha buluu Charing Cross Mansions, alikokuwa akiishi siku za mafanikio.

---

Mtoto_wa_Reli

Shukrani mzee. Upande wa vitendo sasa: santuri za shelaki (zile za zamani za mwendo wa 78) zikipatikana sokoni, zinasafishwaje? Kuna ushauri mahali kwamba ufute kwa spiriti.

---

FundiMitambo

USITUMIE SPIRITI. Wala methileti, wala kitakasa mikono. Shelaki inayeyuka kwenye alkoholi, ndivyo mafundi seremala wanavyotengeneza vanishi. Ukifuta mara moja umeondoa ngozi ya mfereji na sauti ya juu imekwenda nayo.

Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, brashi laini au kitambaa kisichotoa nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko, si kukatiza. Lebo usiiloweshe, karatasi inavimba na wino unaondoka. Suuza kwa maji safi, ukiweza ya chupa ya betri yasiyo na chumvi, kausha kwa taulo, simamisha kivulini. Usiloweke kwenye beseni, kwa sababu sahani nyingine zina tabaka za karatasi ndani na maji yakiingia kwenye ufa zinaumuka. Kwa mikoa ya joto na pwani, ukungu ndiyo adui: madoa meupe yanayorudi baada ya kukauka maana yake ukungu umeshakula mfereji, na hapo kelele haitoki tena.

Hifadhi wima, zimebanana kiasi, mbali na dirisha. Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini zinapasuka.

Kinanda cha santuri cha kuzungusha kwa mkono: sindano moja ya chuma kwa upande mmoja, kisha tupa. Hii si mbwembwe. Kichwa cha sauti kina uzito unaozidi gramu 100, na shelaki ilichanganywa na unga wa mawe makusudi ili iisage sindano ifanane na mfereji mwanzoni mwa sahani. Ikifika mwisho imeshakuwa patasi. Ukiirudia upande wa pili, unachonga. Sahani nzuri za Bowlly zichezeshe kwa mashine ya umeme tu.

---

Mpenda_Foksi

Mashine ya umeme ya LP ya kawaida, yenye 33 na 45 tu, inafaa kuhamishia kwenye kompyuta?

---

FundiMitambo

Inafaa ukifuata mpangilio. Ukiuvuruga utapata sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Sindano ya LP haifai. Ina upana wa mikroni 18 hivi, inazama hadi chini ya mfereji kwenye uchafu na kuyumbayumba. Tafuta ya santuri, takriban mikroni 75, inayoingia kwenye katriji yako (kichwa kinachoshika sindano). Uzito wa mkono gramu 3 hadi 5, kwa kadiri katriji inavyoruhusu.

Cheza kwa 45, rekodi stereo. Kwenye programu kama Audacity fanya hivi, kwa mfuatano huuhuu: kwanza ondoa mkunjo wa RIAA (marekebisho ya besi na sauti ya juu kwa ajili ya LP) uliowekwa na priampu (kikuza sauti cha awali), na uondoe kabla ya kubadilisha mwendo, kwa sababu priampu ilifanya kazi juu ya masafa ya mwendo wa polepole. Kisha ongeza mwendo pamoja na toni kwa kuzidisha 1.7316, yaani 45 hadi 77.92, ambao ndio mwendo halisi wa 78 kwa umeme wa herzi 50. Sahani za Victor za Marekani ni 78.26. Halafu weka mkunjo wa HMV: besi inyanyuliwe chini ya herzi 250, juu usiguse. Kuacha RIAA ndiyo kosa la wengi. RIAA inapunguza desibeli 13.7 kwenye herzi 10,000, na herufi *s* za Bowlly zinafutika zote.

Mwisho changanya kushoto na kulia kuwa mono. Mfereji wa santuri unachezea pembeni tu, mtikisiko wa juu na chini ni kelele, na ukijumlisha chaneli mbili sehemu kubwa ya hiyo kelele inajifuta. Ukijumlisha muziki ukapotea na mikwaruzo ikabaki, nyaya za chaneli moja kwenye katriji zimegeuzwa. Badili mbili zile, jaribu tena.

Kuondoa mikwaruzo fanya kidogo. Programu haijui tofauti ya mkwaruzo na *t* ya Bowlly.

---

Bahari_Shwari

Na ukimaliza kuipandisha mtandaoni jiandae na madai. Hakimiliki ni mbili. Rekodi yenyewe ya 1934, Uingereza muda wake ulishakwisha. Marekani sheria ya 2018 inalinda rekodi za 1923 hadi 1946 kwa miaka 100 toka zitoke, kwa hiyo ya 1934 inakuwa huru Januari 2035. Utunzi ni jambo jingine: Noble alifariki 1978, Uingereza inahesabu miaka 70 baada ya kifo, mpaka mwisho wa 2048. Madai mengi ya YouTube yanatoka kwa wenye CD za mkusanyiko, na mashine haiwezi kutofautisha nakala yao na yako. Hapo picha ya nta yenye namba OB na tarakimu ya mwisho inasaidia, hasa kama wao walitumia mara ya 1 na yako ni ya 2.

---

Mtoto_wa_Reli

Anayeanza leo aanzie wapi?

---

Kinanda78

*Goodnight Sweetheart* ya 1931, *Love Is the Sweetest Thing* ya 1932, *Midnight, the Stars and You* ya 1934, zote na Noble. Halafu chukua yoyote ya Lew Stone ya 1933 kwenye Decca, namba zinazoanza na F, usikie bendi yenye jasho la ukumbi. Epuka nakala zilizoongezewa mwangwi wa stereo. Mwangwi wa Noble umo tayari ndani ya sahani.